Fomu Ilijaa, Sikio Halikuchunguliwa: Kisa cha Moldi Iliyovuka Ngoma ya Sikio

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mgonjwa na ya mwenye kliniki. Mji, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na vitu vidogo vidogo kama mpangilio wa vyumba nimevibadilisha. Mambo ya kitabibu nimeyaacha kama yalivyokuwa. Mimi sikuwepo siku ya tukio. Niliitwa wiki moja baadaye kupitia mafaili, kuzungumza na kila aliyehusika na kuandika ripoti.

Kliniki na msimu wa ithibati

Ni kliniki binafsi ya usikivu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ina chumba cha kupimia kisichopitisha sauti, chumba cha vifaa na mapokezi. Wataalamu wa kudumu ni wawili: mmoja nitamwita mpimaji, mwingine fundi wa moldi. Daktari wa masikio, pua na koo huja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine, mgonjwa mwenye jambo la kuangaliwa na daktari hupangiwa tarehe.

Kwa wasioijua kazi hii: moldi ni kile kipande laini kinachokaa ndani ya sikio na kuunganishwa na shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa nyuma ya sikio. Kila sikio lina umbo lake, kwa hiyo moldi hufinyangwa kwa kipimo. Kwanza unaingiza kizuizi kidogo cha sponji chenye uzi hadi karibu na ngoma ya sikio. Kisha unakanda silikoni za aina mbili pamoja, unazitia kwenye bomba la sindano pana na kuzisukuma zijaze njia ya sikio. Baada ya dakika kama tano silikoni inakaza, unaivuta, na umbo la sikio la mtu unalo mkononi. Ni kazi ya dakika kumi, na anayeifanya kila siku huizoea kama mpishi anavyozoea kusonga ugali. Hapo ndipo hatari ilipo.

Wiki sita kabla ya tukio, kliniki ilikuwa imeomba ithibati, yaani cheti cha kuthibitisha ubora wa huduma. Mwenye kliniki aliitaka kwa sababu mbili, na zote alinieleza bila kuficha: kampuni za bima zilikuwa zimeanza kuiulizia, na mshindani wake wa mtaa wa pili alikwisha kuitundika ukutani. Miongozo ikaandikwa, stika za kalibresheni, za kuonyesha mashine zimehakikiwa usahihi, zikabandikwa kwenye mashine, ndoo za taka zikapata rangi zake. Pia ikatengenezwa fomu ya usalama ya moldi, ukurasa mmoja wenye visanduku 31.

Mgonjwa

Dereva wa malori mstaafu, umri wa miaka sitini na kitu. Ameendesha masafa marefu maisha yake yote, dirisha wazi na injini ikinguruma pembeni ya goti. Masikio yote mawili yalikuwa yamepungua nguvu, la kulia zaidi. Aliletwa na binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa.

Nyumbani walikuwa wamezoea kumpigia kelele au kumkatia maneno. Watu wanaoishi na mtu asiyesikia vizuri wanafanya hivyo bila ubaya wowote: swali la mzee linajibiwa na mtu mwingine, na mzee anabaki akitabasamu. Kliniki nayo iliingia kwenye mazoea hayo hayo.

Ziara ya kwanza

Mpimaji aliuliza historia. Masikio yamewahi kutoa usaha? Kuchomwa? Kupasuliwa? Maswali yalikuwa sahihi na yalikuwa kwenye fomu. Ila alimuuliza binti. Binti akajibu, "Hapana, baba hajawahi kuumwa masikio, ni uzee tu na malori." Alisema kweli kadiri alivyojua. Baba yake alipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa, sikio la kulia lilitoa usaha kwa misimu kadhaa, na bibi yake alikuwa akilikausha kwa pamba na kulidondoshea mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Binti alikuwa hajazaliwa. Habari hiyo niliipata kwa mzee mwenyewe, baada ya kukaa naye uso kwa uso na kumwandikia swali kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Alinicheka kidogo kabla ya kujibu. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Vipimo vilifanyika vizuri. Chati ya usikivu ilionyesha sikio la kushoto limepungua kwa namna ya kawaida ya uzee na kelele. La kulia lilikuwa tofauti: sauti iliyopitia mfupa ilisikika vizuri zaidi kuliko iliyopitia hewani, kwa pengo kubwa. Pengo la namna hiyo linasema kuna kitu njiani, kabla sauti haijafika kwenye sikio la ndani. Kisha timpanometri, kipimo cha namna ngoma inavyocheza hewa ikisukumwa sikioni, na cha ujazo wa nafasi iliyo mbele ya mashine. Kushoto, mchoro wenye kilele na ujazo wa mililita 1.2. Kulia, mstari bapa na ujazo wa mililita 4.1.

Hapa mwanafunzi yeyote wa usikivu angepaswa kusimama. Mstari bapa wenye ujazo wa kawaida mara nyingi ni majimaji nyuma ya ngoma. Mstari bapa wenye ujazo mkubwa kiasi hicho kwa mtu mzima unamaanisha mashine haipimi njia ya sikio peke yake; inapima na chumba cha nyuma pia, kwa sababu ngoma ina tundu. Mpimaji aliandika "aina B, majimaji?", aina B ikiwa jina la mstari bapa, na kumpangia daktari siku ya Ijumaa. Ujazo hakuusoma. Aliniambia alitazama umbo la mchoro, na namba imechapwa pembeni kwa herufi ndogo.

Kwenye kisanduku cha kuchungulia sikio iliwekwa alama ya "kawaida, pande zote". Nilipomuuliza aliona nini kulia, alinyamaza muda mrefu. Kulikuwa na nta, akasema, ngoma hakuiona yote.

Ijumaa daktari hakuja, alikuwa na dharura hospitalini kwake. Hakuna aliyehamisha miadi.

Siku ya moldi

Mzee alirudi baada ya siku kumi na moja, safari hii kwa fundi wa moldi. Fundi alifungua faili, akaona "kawaida, pande zote", akaendelea. Otoskopu, kifaa cha kuchungulia sikio, yenye mwanga mzuri ilikuwa chumba cha kupimia, mlango umefungwa, mtoto anapimwa ndani. Iliyokuwa mezani ilikuwa na betri dhaifu, mwanga wa rangi ya chai. Alichungulia, akaona njia ya sikio iko wazi, akaingiza sponji. Sponji kubwa zilikuwa zimeisha. Alitumia ya kati. Kwa sikio la mwanamume yule ilikuwa ndogo.

Alimwambia mzee, "Ukisikia maumivu niambie." Alikuwa nyuma ya bega lake la kulia, amevaa barakoa. Mzee hakusikia neno hata moja.

Silikoni ilipoanza kuingia, mzee alivuta kichwa. Fundi akamshika bega kwa upole: "Tulia mzee wangu, tunamaliza." Mzee akainua mkono wa kushoto. Binti, aliyekaa mbele, alidhani baba yake anataka kujikuna. Fundi hakuuona kabisa. Akasukuma hadi silikoni ikajaa, akaweka saa ya dakika tano.

Alipovuta, haikuja. Akalegeza kwa kulivuta sikio juu na nyuma, akajaribu tena. Ikatoka ghafla, imekatika. Ncha haikuwepo, sponji haikuwepo, na uzi ulikuwa umekatikia humo humo. Damu kidogo. Mzee akashika kiti kwa mikono miwili, akasema chumba kinazunguka, akatapika.

Nusu saa iliyofuata

Fundi alitaka kujaribu mara ya tatu kwa kibanio. Aliniambia hivyo mwenyewe. Mkono ulikwisha kufika kwenye trei, kisha akauacha na kwenda kumgongea mwenzake mlango. Katika kisa chote, uamuzi huo wa kuacha kibanio ndio ulioliokoa sikio kwa kiasi lilichookolewa. Silikoni ikipita kwenye tundu la ngoma hutanuka upande wa pili kama uyoga, na huku nyuma kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vidogo sana. Ukivuta, unavivuta pamoja nayo. Kikuku kikichomoka mahali pake, majimaji ya sikio la ndani yanaweza kuvuja na sikio likafa kabisa.

Mpimaji alimlaza mzee ubavu, akakataza mtu yeyote asitie maji wala dawa sikioni, akampigia daktari. Daktari akasema aletwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Kipande kilichotoka kiliwekwa kwenye kikopo chenye jina la mgonjwa, na kwenye barua ya rufaa wakataja aina ya silikoni, saa iliyotumika na urefu wa kipande kilichokosekana. Daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba barua ile ilimpunguzia nusu ya kazi.

Kulikuwa na uamuzi mwingine, mgumu zaidi. Binti alikuwa anauliza kumetokea nini. Mtu mmoja wa kliniki, ambaye sitamtaja hata kwa cheo, alipendekeza aambiwe kwamba sikio la baba lilikuwa na tatizo la zamani. Jambo hilo lilikuwa kweli, na kwa wakati ule lingetumika kama uongo. Mwenye kliniki alifika baada ya dakika arobaini, akakaa chini na binti, akamwambia: "Dada yangu, tumekosea. Tulipaswa kuliangalia sikio la mzee kabla, hatukuangalia vya kutosha. Gharama zote ni zetu." Binti alilia, kisha akauliza kama baba atasikia. Akajibiwa kwamba hawajui bado.

Mzee mwenyewe aliambiwa siku iliyofuata, wodini, na daktari, kwa maandishi.

Matokeo

Siti skani ilionyesha silikoni katika sikio la kati. Ilitolewa chini ya nusu kaputi kwa kupitia nyuma ya sikio. Fuawe ilikuwa imesogezwa. Kikuku kilikuwa mahali pake. Ngoma ilizibwa kwa utando wa mwili wake mwenyewe. Kizunguzungu kiliisha baada ya wiki tatu hivi. Usikivu wa sikio la kulia ulipungua zaidi ya ulivyokuwa, hasa kwa sauti nyembamba. Leo anavaa shimesikio moja, kushoto.

Ukaguzi wa ithibati ulikuja kama ulivyopangwa. Mwenye kliniki aliwaeleza wakaguzi kila kitu. Kliniki ilipata cheti, na katika ripoti yao ilisifiwa kwa kuwa na utaratibu wa kuripoti matukio.

Nilichokikuta kwenye mafaili

Faili la mzee lilikuwa na fomu ya usalama ya moldi iliyojazwa yote, visanduku 31, pamoja na "ngoma imeonekana na ni nzima", "kizuizi kimekaa vizuri" na "mgonjwa hajaonyesha dalili za maumivu". Sahihi ipo. Nikadhani kwanza kwamba imejazwa baada ya tukio ili kujikinga. Nikaomba fomu zote za siku ile.

Zilikuwa tano. Zote kwa kalamu moja ya buluu, alama za vema zikiinamia upande mmoja, kama za mtu aliyekaa akazipiga kwa mpigo. Ya tano ilikuwa ya mwanamke aliyepangiwa saa kumi jioni. Nikatafuta jina lake kwenye rejista ya mapokezi. Hakuja siku ile. Fomu yake inasema ngoma zake zote mbili zimeonekana na hakuonyesha dalili za maumivu.

Fundi hakukana. Wiki mbili kabla, katika mazoezi ya ukaguzi, mshauri aliyekodiwa alihesabu mafaili ishirini na kukuta fomu sita zina visanduku vitupu. Aliandika kwa wino mwekundu: "Utekelezaji asilimia 70. Lengo 100." Tangu siku ile fundi alikuwa akizijaza saa mbili asubuhi, na chai mezani, ili asisahau.

Uchambuzi

Mwanzoni mwenye kliniki alitaka kumfukuza fundi. Nilimwomba asubiri, na si kwa huruma. Ukimwondoa fundi yule ukamweka mwingine kwenye chumba kile kile, chenye otoskopu ile ile na fomu ile ile yenye lengo la asilimia 100, asubuhi ya tatu utamkuta naye ana kalamu ya buluu. Kosa la fundi ni kusukuma silikoni kwenye sikio ambalo hakuliona hadi mwisho, na hilo ni lake. Kujaza fomu mapema alifundishwa na namna alivyopimwa.

Tunao ushahidi kuhusu tabia hii, na sehemu yake imetoka kwetu Tanzania. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa hospitali ya Ifakara, Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ina vipengele 19, na inasomwa kwa sauti, timu imesimama, mgonjwa yupo mezani. Miaka mitano baadaye yakatoka matokeo ya hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako serikali iliagiza hospitali zitangaze hadharani ni kwa kiasi gani zinaitumia. Hospitali ziliripoti utumiaji wa juu sana. Vifo na madhara havikupungua kwa kiwango cha maana. Watu wanabishana bado kwa nini, lakini mimi nikizitazama zile fomu tano sioni ajabu. Kinachoulizwa na mkubwa ndicho kinachojibiwa. Ukiuliza kama karatasi imejaa, utaletewa karatasi iliyojaa.

Wakaguzi wa ithibati nao wana lao. Walikuja siku mbili, wakaangalia stika za kalibresheni (zote halali, na hazikuhusika kabisa na jeraha la mzee), wakafungua mafaili, wakahoji. Hakuna aliyekaa kwenye kona ya chumba akamtazama fundi akichukua moldi ya mgonjwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni dakika kumi. Wangeona barakoa, wangeona otoskopu yenye mwanga wa chai.

Jambo la pili silioni likizungumzwa vya kutosha kwenye viwango nilivyovisoma. Karibu kila kinga ya mgonjwa inamtegemea mgonjwa mwenyewe kusikia: tunamuuliza historia, tunamweleza hatari, tunaomba ridhaa, tunamwambia apige kelele akiumia. Kliniki ya usikivu inahudumia watu ambao kinga hizo zote zinawapita pembeni, na bado inatumia maneno yale yale ya kliniki ya meno. Mzee alikuwa na taarifa ambayo ingezuia kisa chote, na mkono wake aliuinua kwa wakati. Njia ya kutoka kwake kwenda kwetu ndiyo haikuwepo.

Alama za onyo zilikuwa tatu, kila moja mahali pake: pengo kwenye chati, mililita 4.1 kwenye mchoro, na nta iliyoficha ngoma. Yoyote kati ya hizo, ikimfikia mtu aliyeshika bomba, ingetosha. Lakini mpimaji alikuwa nazo mbele yake na hakuchukua moldi. Fundi alichukua moldi na hakuziona. Alipewa neno moja tu, "kawaida".

Kilichobadilishwa, na kilichogoma

Fomu ya visanduku 31 ilifutwa. Sasa kuna maswali sita yaliyobandikwa ukutani juu ya meza ya silikoni, na mtu wa pili anayasoma kwa sauti huku fundi akijibu: ngoma umeiona yote kwa macho yako leo? Ujazo ni ngapi? Mgonjwa mwenyewe amejibu kuhusu usaha na upasuaji? Sponji imejaza njia pande zote, umechungulia tena baada ya kuiweka? Ishara mmekubaliana? Daktari ana neno? Jibu moja lisiporidhisha, moldi haichukuliwi siku hiyo. Kwa mtu mzima, mstari bapa wenye ujazo unaozidi mililita 2 unakwenda kwa daktari moja kwa moja.

Kila mgonjwa anavalishwa kipaza sauti kidogo cha mkononi chenye spika za masikioni wakati wa maswali, na barakoa inashushwa au inatumika ya plastiki angavu ili midomo ionekane. Kwa asiyesikia hata hivyo, kuna kadi za maandishi makubwa. Asiyejua kusoma bado anatupa taabu. Mara nyingine ndugu anakuwa mkalimani, na tunarudi kulekule tulikotoka, ila sasa swali linaelekezwa kwa mgonjwa na ndugu analifikisha tu.

Kuchungulia mara ya pili baada ya sponji ndiko kulikogoma. Nilirudi baada ya miezi mitatu nikakaa kwenye kona kwa siku nzima. Kati ya wagonjwa saba, wawili hawakuchunguliwa mara ya pili, wote wa mchana, foleni ikiwa ndefu. Msomaji alilisoma swali, fundi akajibu "ndiyo" huku akikanda silikoni. Nimependekeza otoskopu ya kamera yenye skrini, ili anayesoma aone anachoulizia. Mwenye kliniki ameshaulizia bei na kukuna kichwa.

Mzee alirudi kwa ajili ya moldi ya sikio la kushoto. Binti yake alitaka wabadilishe kliniki, yeye akakataa. Alisema hawa sasa watakuwa waangalifu kuliko wengine. Fundi ni yule yule. Alikaa mbele yake, akamwonyesha ishara: gonga meza, nasimama. Kisha akageuka kuchukua silikoni. Kabla hajaifungua, meza ikagongwa. Fundi akaganda, mikono juu. Mzee akamtazama, akacheka.

"Endelea, mwanangu. Nilikuwa najaribu breki."